Siku 90 za Notisi: shajara ya riwaya yangu ya kwanza

Wiki ya 1. Maneno 0

Naanza leo. Ninachoandika ni riwaya ya mapenzi ya kuchekesha, kuhusu wakili wa kampuni kubwa anayeacha kazi. Kazi hiyo niliifanya miaka 9 nikaiacha, na tangu hapo kila nikikutana na wenzangu wa zamani tunacheka mpaka machozi yanatutoka, tukisimuliana mambo ambayo wakati ule yalikuwa yakitumaliza. Kicheko hicho ndicho ninachokitafuta. Sitaki kumcheka mtu aliyechoka. Nataka aliyechoka asome, ajione, acheke kwa sauti, mpaka aliyelala pembeni yake aamke na kumwuliza kuna nini.

Mhusika mkuu nimempa jina Salama. Ana miaka 34. Jambo la kwanza nililoandika kwenye daftari kumhusu ni kipimo: dakika 6. Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze. Katika kampuni nyingi kubwa za mawakili mteja hulipishwa kwa saa, na saa hukatwa vipande 10 vya dakika 6. Kila unachokifanya unakiandika. Simu na mteja, 0.3. Kusoma mkataba, 2.4. Kampuni nyingi kubwa za Marekani humtaka wakili afikishe saa kama 1,900 hadi 2,000 kwa mwaka, zote za kumlipisha mteja, na ndani yake hamna kula, hamna kwenda msalani, hamna kukaa tu ukitazama dirisha. Ukiishi hivyo miaka kadhaa, kichwa huendelea kuhesabu hata ukiwa msibani. Salama naye anahesabu. Busu lao la kwanza litakuwa 0.1, na atalijua hilo kabla hajafumbua macho.

Wiki ya 3. Maneno 9,400

Msuko wangu ulikuwa hivi: Salama anafanya kazi kama punda, anakutana na mwanamume mwenye maisha ya taratibu, wanapendana, wanagombana kwa sababu ya kazi, mwishoni anaandika barua ya kuacha kazi na kumkimbilia. Leo nimezisoma sura tatu za kwanza kwa sauti. Hazina uhai.

Nimezunguka chumbani jioni nzima kabla ya kuona tatizo liko wapi. Barua imekaa sura ya 31, nayo imegeuka zawadi anayompelekea mwanamume. Mimi sikuacha kazi kwa ajili ya mtu. Kati ya wenzangu walioacha, simkumbuki hata mmoja aliyeacha kwa ajili ya mpenzi. Kila mmoja ana kijambo kidogo kilichotokea siku ya kawaida kabisa. Mmoja alisahau jina la mtoto wa dada yake. Mimi niliona mvua inanyesha nje nikashtuka, kwa sababu sikuwa najua kama ni majira ya mvua.

Mapenzi yakifanywa ndiyo sababu ya kuacha kazi, Salama anakuwa amebadilisha bosi tu. Siku yakitetereka, atakuwa amekosa vyote viwili. Wapo wasomaji waliopita njia hiyo. Hao wataifunga riwaya ukurasa huo huo, na watakuwa na haki.

Nimeamua. Ataacha kazi kwanza. Kupenda kutafuata.

Wiki ya 4. Maneno 3,100

Nimefuta zaidi ya nusu. Barua imehamia sura ya 1. Sasa Salama yuko huru, anaamka anapotaka, hana wa kumzuia, na mimi sina riwaya. Kurasa kumi za mtu anayepumzika.

Wiki ya 6. Maneno 12,800

Nimepata! Nimeamka saa tisa usiku nikaandika neno moja kwenye kiganja kwa kuogopa lisinipotee: notisi.

Mtu haachi kazi siku anayopeleka barua. Mkataba wa Salama unamtaka atoe notisi ya siku 90, na riwaya nzima itaishi ndani ya siku hizo. Ameshaondoka na bado yupo. Anaingia mlango ule ule, anakaa kiti kile kile, lakini ile hofu iliyokuwa ikimwendesha imekatika. Kwa mara ya kwanza anaiona ofisi ilivyo. Anagundua kuwa ua lililo mezani kwake miaka minne ni la plastiki, na amekuwa akilimwagilia.

Na kazi aliyobakiziwa ni moja: kumkabidhi mafaili mtu atakayechukua nafasi yake. Huyo ndiye Fadhili. Ametoka kampuni ndogo, ameiwinda nafasi hii kwa miaka, na siku ya kwanza anafika na kalamu mpya tatu mfukoni. Sasa kila sura ina kazi ya kufanya, kwa sababu anachomfundisha Fadhili ni kile kile kilichommaliza yeye. Akimfundisha vizuri, anamsindikiza kwenye shimo alilopanda kutoka. Akimfundisha vibaya, anamwangusha mtu ambaye amekwisha kuanza kumsubiri kila asubuhi.

Palikuwa na tundu la kuziba. Wakili yeyote atauliza: mbona Salama hakuambiwa aende nyumbani? Kampuni nyingi, mtu akishatoa notisi, hasa anayekwenda kwa mshindani, humwondoa ofisini siku hiyo hiyo na kumlipa akiwa kwake mpaka notisi iishe, asije akabeba wateja. Nimeliziba kwa mambo mawili. Salama haendi kwa mshindani, haendi popote. Na kuna mauzo ya kampuni ya mteja mmoja yanayotakiwa kufungwa, yaani kukamilishwa, siku ya 88, hati zaidi ya 4,000, na anayejua kila hati iko wapi ni yeye peke yake. Wanamhitaji. Saa inatembea. Riwaya ina mgongo.

Wiki ya 9. Maneno 24,000

Wiki hii nimesoma kuliko nilivyoandika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuchoshwa na kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, kama hali inayotokana na kazi, bila kuiita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako moyoni au kuidharau, na kuhisi kwamba huifanyi tena ipasavyo. Mwaka 2021 shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani yalichapisha utafiti kuhusu saa za kazi. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40.

Nilimpa Salama takwimu hiyo amsomee Fadhili wakiwa kwenye lifti. Ukurasa ukafa. Mawakili wale wanazijua hatari zote, kuandika hatari ndiyo kazi yao. Nimeitoa. Zile dalili tatu, hata hivyo, zimenifaa sana katika kupanga vichekesho. Kuishiwa nguvu hakuchekeshi. Hapo naandika polepole na kwa upole. Kujitenga kunachekesha mno, kwa kuwa ndipo mtu anapoanza kusema ukweli kwenye vikao.

Badala ya takwimu nimeandika tukio la mlangoni. Siku ya 23, saa sita usiku. Fadhili amembebea Salama maboksi mawili ya vitabu mpaka ghorofa ya tatu kwake. Salama anafika mlangoni, anachukua kitambulisho cha ofisi kinachoning'inia shingoni, anakiweka kwenye ubao wa mlango karibu na kitasa, anasubiri mlango ulie kama wa ofisini. Taa ya kijani haiwaki. Anakifuta kitambulisho kwenye sketi, anakiweka tena. Anasubiri. Fadhili, maboksi yakiwa yamemfika kidevuni, ameona kila kitu. Angeweza kucheka. Angeweza kusema, "Wakili, huo ni mlango wako." Anachofanya ni kusogeza mdomo pembeni ya boksi na kusema taratibu, "Tii."

Salama anasukuma mlango. Ndipo anapogundua umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo uko kwenye mkoba, na mkoba umebaki ofisini. Wanakaa kwenye ngazi, wanacheka mpaka jirani anafungua dirisha. Halafu Salama analia, na Fadhili hasogei.

Tukio hilo nimeliandika mara saba. Neno lililochukua muda mrefu kuliko yote ni "Tii". Nilianza na sentensi nzima, nikawa napunguza.

Wiki ya 12. Maneno 31,000

Nimekwama siku 11.

Nilikumbuka habari za Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa posta kwa zaidi ya miaka 30, akiandika riwaya alfajiri kabla ya kwenda kazini, mpaka alipoacha kazi mwaka 1867. Ameeleza mwenyewe kwamba aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Nami nikaweka saa mezani. Siku ya kwanza nilipata maneno 1,900. Siku ya pili viganja vikaanza kutoka jasho. Siku ya tatu nilijikuta nimeandika pembeni ya ukurasa, kwa mkono wangu, "Fadhili na Salama, mazungumzo, 0.4".

Saa nimeifungia kwenye droo. Trollope alikuwa hodari na njia yake ilimfaa. Mimi nilitoka kwenye kipimo hicho kwa shida na sirudi, hata kama riwaya itachukua mwaka. Kuanzia leo nahesabu matukio. Tukio moja kwa siku, liwe la maneno 300 au 3,000. Idadi ya maneno nitaitazama Jumamosi tu, kwa ajili ya shajara hii.

Wiki ya 14. Maneno 39,500

Njia ya matukio inakwenda vizuri.

Nimefikiria sana kuhusu kizuizi. Futuhi ya mapenzi haisimami bila kitu kinachowatenga wawili. Katika tamthilia ya Menander, mwandishi wa Ugiriki ya kale, iliyochezwa Athens mwaka 316 kabla ya Kristo, kizuizi ni mzee mkali asiyetaka kuona mtu, na kijana amempenda binti yake. Warumi waliwaiga Wagiriki, na vichekesho vya mapenzi vikajaa wazazi waliosimama mlangoni. Salama hana mzazi wa kumzuia. Nilijaribu kumfanya mshirika mkuu wa kampuni awe mtu mbaya, nikaona namsingizia. Wakuu wangu wa zamani walikuwa wamechoka kuliko sisi, na mmoja wao alikuwa ananifungia mlango kwa nje ili nisinzie dakika 20. Mshirika mkuu katika riwaya nimempa moyo huo.

Kizuizi ni simu ya Salama. Nimeanza kuiandika kama mhusika, ina tabia na ina wakati wake. Hulia pale tu mtu anapotaka kusema jambo la maana. Hulala kifudifudi mezani ikitetemeka na kusogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na wote wawili wanaitazama. Kibaya zaidi, imeingia ndani ya Salama. Siku ya 41 amesinzia kwenye kochi, simu imezimwa kabisa, na bado anafumbua mdomo usingizini na kusema kwa sauti ya heshima, "Nimeshaanza kulishughulikia." Fadhili, aliye upande wa pili akisoma hati, anajibu, "Asante, Wakili. Lala." Naye analala.

Nilipomaliza mstari huo niliinuka nikafungua dirisha. Hapo ndipo nami nilipompenda Fadhili.

Wiki ya 17. Maneno 52,000

Wiki nzima nimeitumia kwenye jambo moja: wanaitanaje?

Fadhili anaanza na "Wakili Salama". Ni sahihi, ni heshima, na ni ukuta. Salama, katika sura ya 3, akitaka kumtuliza mgeni, anamwambia, "Usiogope, mdogo wangu." Anamzidi mwaka mmoja tu. Nililiandika bila kufikiri, na kumbe nimetega bomu. Neno hilo likishatoka halirudi. Fadhili, mwenye adabu zake, anajibu papo hapo, "Sawa, dada." Sasa ni ndugu. Kwa sura nane ni ndugu, mbele ya ofisi nzima, na kila Fadhili akiita "Dada Salama" kwenye kikao msomaji anaumia kidogo na kucheka kidogo.

Watatokaje humo? Nilijaribu kumfanya Fadhili amwite "mpenzi" ghafla. Ikawa uchi mno. Nikajaribu "mama", kwa utani. Hapana. Mwishowe nimewapitisha njia ya kimya. Kuanzia siku ya 52 Fadhili anaacha kumwita chochote. Anasimama karibu na meza na kukohoa. Anaanza sentensi na "Samahani". Anaandika ujumbe usio na jina mwanzoni. Salama anaona pengo hilo, maana kazi yake ni kuona kilichoondolewa kwenye hati. Siku ya 60 anamwuliza, "Umeniudhikia? Mbona huniiti?" Na Fadhili anasema "Salama", neno hilo tu, bila cheo mbele. Anaanza kujitetea, halafu anakumbuka kwamba hajasema kitu kingine.

Busu linafuata kurasa nne baadaye, lile la 0.1. Nafikiri wengi watakumbuka "Salama" kuliko busu.

Wiki ya 20. Maneno 68,000

Tatizo la mwisho ndilo kubwa. Fadhili afanyweje?

Aina hii ya riwaya ina ahadi yake. Romance Writers of America, chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani, kinataja mambo mawili: hadithi ya mapenzi iwe ndiyo kiini, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Ahadi hiyo naiheshimu, msomaji wangu amekuja kwa ajili yake. Njia ya mkato ni Fadhili naye aandike barua siku ya 90, watoke pamoja mlangoni wakiwa wameshikana mikono. Niliiandika hivyo. Ilikuwa nzuri kuitazama, na nilijua nadanganya. Fadhili anaipenda sheria. Ameiwinda nafasi hii. Kumng'oa kazini kwa ajili ya Salama ni kosa lile lile la wiki ya 3, nimelivalisha suruali.

Kumwacha humo abadilike kuwa Salama wa zamani nako ni kuwatelekeza wote wawili.

Jibu lilikuwa limefichwa kwenye makabidhiano. Salama ameandika hati ya kurasa 61 kwa ajili ya Fadhili: kila mteja, kila tarehe, kila neno la siri. Siku ya 87, usiku wa kabla ya mauzo kufungwa, anaongeza ukurasa wa 62. Ndani yake ameandika mambo ambayo hakuna aliyemwambia yeye: mteja gani hupiga usiku kwa sababu ya upweke na hana dharura yoyote, kazi zipi zinaweza kungoja mpaka asubuhi, akazitaja 14, na kwamba katika miaka 9 alisema "hapana" mara mbili, na mara zote mbili hakuna kilichotokea. Fadhili anaubandika ukurasa huo ukutani, juu ya lile ua la plastiki. Anabaki kazini. Siku ya 91 simu yake inalia saa mbili usiku wakiwa mezani, anamtazama Salama, anautazama mlango, anaigeuza kifudifudi. Inatetemeka. Inasogea. Inaanguka. Hakuna anayeiokota.

Sijui kama kampuni itamvumilia Fadhili, na riwaya haitasema. Lakini hofu haiko tena upande wake wa meza.

Wiki ya 22. Maneno 79,000

Mauzo yamefungwa. Sura tatu kwa siku tano, nilikuwa naandika nikiwa nimesimama.

Wiki ya 25. Maneno 84,600

Rasimu ya kwanza imekamilika Jumanne saa nne asubuhi. Nimeichapa nikaipeleka kwa wasomaji watatu: mmoja wakili, mmoja aliyewahi kuwa wakili, na mmoja ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya sheria. Huyo wa tatu amenirudishia kurasa 100 za kwanza. Ameweka alama ya kalamu kila alipocheka, na pale kwenye "Tii" ameandika "nimesimama kidogo hapa". Wakili hajajibu. Yuko kwenye msimu wa kufunga mauzo, nami simsumbui.

Kazi iliyobaki naijua. Sura ya 11 ni ndefu na mama yake Salama anapotea katikati ya riwaya bila sababu, inabidi nimrudishe. Pia nimepitia sura zote nikitafuta zile 0.1 na 0.3. Mwanzoni zimejaa kila ukurasa. Nilitaka zipungue taratibu siku zinavyokwenda, na baada ya siku ya 60 zisiwepo kabisa, bila mtu yeyote kuzitaja. Nimefuta 23 zilizokuwa zimejipenyeza mahali zisipostahili.

Moja nimeikuta ukurasa wa 287, tukio la mwisho. Nilishaweka kalamu juu yake, nikaona kuwa anayesema ni Fadhili. Wamekaa kwenye zile ngazi, ghorofa ya tatu, ufunguo umesahaulika tena. Salama anamwuliza wamekaa hapo muda gani. Fadhili anatazama mkono usio na saa. "Sifuri nukta moja," anasema, na nje kumeshapambazuka.

Hiyo nimeiacha.